Kijana wa Chwaka, tuta usilivamie

Wadau, kijana wa Chwaka aliyezoea pikipiki ya barabarani anaweza kudhani motokrosi ni mbio tu. Historia inasema vingine.

Mchezo ulianzia Camberley, Uingereza, tarehe 29 Machi 1924. Waandaaji waliondoa majaribio ya ustadi, ukabaki mwendo tu, maili 50 porini. Waliingia waendeshaji 80 hivi, na karibu nusu hawakufika mwisho. Ardhi iliwashinda kabla ya wenzao.

Helmeti nayo haikuja bure. T.E. Lawrence alipokufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1935, Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, alianza kuchunguza vifo kama hivyo. Mwaka 1941 jeshi la Uingereza likaifanya helmeti lazima kwa waendeshaji wake.

Basi ukivuka bahari kujaribu Jamhuri ya Nairobi au Busiika ya Uganda, kwanza izunguke njia yote kwa miguu. Ukipanda, anza taratibu, simama kwenye vikanyagio, magoti yalegee, macho yatazame mbele. Tuta usiliruke kabla hujajua upande wa pili kuna nini. Ukianguka, toka njiani upesi, nyuma yako wanakuja wengine.

Kasi itakuja, jamani. Siku ya kwanza rudi mzima.