Waezekaji, Mabaharia na Makuruta: Jinsi Zimamoto Ilivyopata Shule

Mwaka 1824 mji wa Edinburgh nchini Uskoti ulimkabidhi kijana wa miaka 24, James Braidwood, kikosi kipya cha kuzima moto cha mji wenyewe. Braidwood hakuwa askari. Alikulia katika familia ya ujenzi na alikuwa amejifunza upimaji wa majengo. Kabla hajakaa sawa kazini, mwezi Novemba, moto ukazuka katika mitaa ya majumba marefu ya mji mkongwe na kuendelea kwa siku kadhaa. Kikosi hakikufua dafu. Kila mkubwa aliyefika pale alitoa amri yake, na amri hizo zilipingana. Uchunguzi uliofuata haukumtwika Braidwood lawama. Uliamua kwamba tangu hapo, penye moto, amri itoke kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo alipopata nafasi ya kuwachagua na kuwanoa watu wake kwa namna aliyoitaka. Aliwataka vijana, tena mafundi: waezekaji wa paa, maseremala, waashi, wahunzi, mafundi bomba. Sababu zake alizieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1830, kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiingereza kuhusu kazi hii. Mwezekaji hababaiki juu ya paa lenye utelezi. Seremala na mwashi wakiingia katika nyumba inayoungua wanajua boriti imekalia wapi na ukuta upi utatangulia kuanguka. Mhunzi na fundi bomba hawashiki tama pampu inapogoma. Mazoezi yalifanyika mara moja kwa wiki, saa kumi alfajiri. Saa hiyo barabarani hakuna watazamaji wa kusongamana, na kijana anazoea kuunganisha mpira wa maji gizani, kama atakavyolazimika kufanya siku ya siku.

Somo kubwa lilikuwa kuingia ndani. Desturi ya zamani ilikuwa kusimama barabarani na kurusha maji kwenye moshi unaotoka madirishani, jambo lililowafurahisha watazamaji na kuuacha moto uendelee na shughuli zake. Braidwood alishikilia kwamba maji yasiyofika kwenye kiini cha moto yamepotea bure. Kwa hiyo mtu apige magoti, atambae karibu na sakafu ambako hewa ina nafuu, aendelee mpaka akione kinachowaka.

Ukiifuatilia historia ya mafunzo ya zimamoto, karibu kila mahali utakuta ilianza na swali la nani achukuliwe, na somo likachukua umbo la mtu aliyepatikana. Swali la afundishwe nini lilichelewa mno, na mara nyingi lililetwa na maiti.

Roma ya kale ilijibu swali la kwanza kwa watumwa walioachwa huru. Mwaka 6 BK Kaisari Augusto aliunda vikosi saba vya vigiles, walinzi wa usiku, kila kikosi kikishika kata mbili kati ya kata 14 za mji. Kazi ilikuwa ya hatari na haikuwa na heshima, ndiyo maana sheria ya mwaka 24 BK iliongeza chambo: baadhi ya hao walioachwa huru wangepata uraia kamili baada ya kutumika miaka sita. Paris ilichukua wanajeshi. Usiku wa tarehe 1 Julai 1810 ukumbi wa muda uliojengwa kwa ajili ya dansi katika ubalozi wa Austria uliwaka moto, Napoleon mwenyewe akiwa miongoni mwa wageni. Mwaka uliofuata akaunda batalioni ya jeshi kwa kazi hiyo, na mpaka leo wazimamoto wa Paris ni wanajeshi. Marseille nayo, baada ya duka kubwa la Nouvelles Galeries kuungua Oktoba 1938, ilikabidhiwa kwa jeshi la majini. Iko hivyo hadi sasa.

Wazo la mabaharia lilikuwa limekwisha kujaribiwa London. Braidwood alihamia huko mwaka 1833, kampuni za bima zilipounganisha vikosi vyao vya binafsi kuwa kimoja chenye watu 80 na vituo 13. Alifia kazini tarehe 22 Juni 1861, katika moto wa maghala ya Tooley Street kando ya Mto Thames, ukuta ulipomwangukia. Mrithi wake, Eyre Massey Shaw, hakuwa na haja na waezekaji. Alipendelea mabaharia: baharia anatii amri bila kubishana, anapanda kamba kama ngazi, na kuamshwa usiku wa manane kwake ni jambo la kawaida. Zamu za zimamoto za Uingereza zinanukia meli tangu wakati huo. Nadhani Shaw alipata nidhamu akapoteza jambo jingine. Baharia, kwa ushujaa wake wote, hajui ukuta wa matofali unavyonung'unika kabla ya kuanguka.

Shule yenyewe, yaani mahali penye mkufunzi na vifaa vya kufundishia tu, ililetwa na ngazi. Aprili 1877 hoteli iitwayo Southern, mjini St. Louis nchini Marekani, iliungua usiku na watu 21 wakafa. Baadhi yao walionekana kabisa madirishani, ila ngazi za kikosi hazikuwafikia. Mzimamoto wa mji huo, Chris Hoell, akashikilia matumizi ya ngazi ya ndoano: mti mmoja wenye vipande vya kukanyagia, na juu kabisa ndoano ndefu ya chuma. Unaining'iniza kwenye dirisha la juu yako, unapanda, unakaa dirishani, unaivuta na kuining'iniza kwenye dirisha linalofuata. Kwa ngazi moja nyepesi mtu anaweza kupanda jengo lolote lenye madirisha.

Ufundi wa namna hiyo haujifunzwi siku ya tukio. Unahitaji jengo lisiloungua, lisilo na wapangaji, la kupandwa na kushukwa hadi viganja vipate sugu. Hoell aliitwa New York kuwafundisha wenzake, na mwaka 1883 idara ya zimamoto ya jiji hilo ikaanzisha shule yake. Mnara wa mazoezi, ule wenye madirisha matupu unaouona leo katika vyuo vya zimamoto duniani kote, ulitokana na mahitaji ya aina hiyo. Ngazi ya ndoano iliendelea kufundishwa New York hadi miaka ya 1990, muda mrefu baada ya ngazi za magari kuifanya iwe nadra kutumika. Wakufunzi walikuwa na sababu: ilionyesha upesi ni kuruta gani anayeogopa kimo.

Darasa la vitabu lina asili nyingine, nayo ni pesa za bima. Mwaka 1903 Taasisi ya Armour ya Chicago ilianzisha shahada ya uhandisi wa kinga ya moto, ya kwanza ya aina yake Marekani. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, ukumbi wa maonyesho wa Iroquois uliotangazwa kuwa hauwezi kuungua uliungua, na watu zaidi ya 600 wakafa. Lakini shahada hiyo ilikuwa ya wahandisi, si ya washika mpira. Hao walisubiri hadi mwaka 1937, chuo cha serikali cha Oklahoma kilipofungua kozi ya miaka miwili kwa ajili yao. Marekani ilipata chuo cha taifa cha zimamoto kutokana na sheria ya mwaka 1974, na kampasi ya Emmitsburg, jimboni Maryland, ikanunuliwa mwaka 1979 kutoka kwa chuo cha Kikatoliki kilichokuwa kimefungwa.

Kama ningetakiwa kuchagua moto mmoja uliobadilisha zaidi kinachofundishwa, ningetaja wa soko la nyama la Smithfield, London, tarehe 23 Januari 1958. Moto ulikuwa chini ya ardhi, katika vyumba vya baridi na vijia vilivyopindana kama kichuguu, moshi mzito, taa hakuna. Wazimamoto waliingia na vifaa vya kupumulia. Wawili hawakutoka, hewa iliwaishia wakiwa bado wanatafuta njia. Juu hapakuwa na utaratibu wa uhakika wa kujua nani yumo ndani, aliingia saa ngapi na atatakiwa kutoka saa ngapi.

Baada ya hapo kila anayeingia alitakiwa kuacha kibao chenye jina lake na kiasi cha hewa mikononi mwa mlinzi wa mlangoni, naye aandike saa. Hesabu ikawa sehemu ya ujasiri. Chukua mtungi wa lita 9 uliojazwa kwa presha ya bar 200: ndani yake mna takriban lita 1,800 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito hukadiriwa kutumia lita 40 kwa dakika. Kwa hiyo ana dakika 45, na kati ya hizo dakika kama 10 za mwisho si zake kwa kazi, ni za dharura. Kuruta asiyeweza kuigawa hewa yake kichwani ni hatari kwa mwenzake aliyeshika mkanda wake. Naamini hapa ndipo mkufunzi alipopata hoja isiyojibika dhidi ya wakongwe waliosema kazi hii hujifunzwa motoni tu.

Wasweden waliongeza jingine. Katika miaka ya 1980, baada ya vifo vya wazimamoto vilivyotokana na chumba kizima kulipuka kuwa moto kwa mara moja, wahandisi Krister Giselsson na Mats Rosander walichunguza mwenendo wa gesi za moshi, na mafunzo yakahamia ndani ya makontena ya meli. Mbao hubandikwa upande mmoja wa kontena na kuwashwa. Makuruta huchuchumaa upande mwingine wakitazama moshi unavyojipanga darini, unavyoshuka, na ndimi ndogo zinavyoanza kutembea ndani yake. Gesi hizo zikifika nyuzi joto 500 hadi 600, kila kitu chumbani huwaka pamoja. Mnyunyizo mfupi wa matone madogo ya maji ukielekezwa juu kwa wakati wake hupoza gesi na kuahirisha mauti hayo. Braidwood alijua mtu atambae; alikuwa hajui kinachomtambaza.

Afrika Mashariki zimamoto ilikuja kama idara ya manispaa ya kikoloni: afisa Mwingereza, wasaidizi Waafrika, magari mekundu, ua wenye ukuta. Maji yenye presha yalihudumia zaidi mitaa ya Wazungu na Wahindi, hivyo mkazi wa uswahilini aliwaona watu hawa wakikimbia na mipira na kupiga kwata, huku nyumba yake ya makuti ikiungua wasimwone. Si ajabu kwamba Nairobi na Kampala kulienea uvumi kuwa wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu, uvumi ambao pwani uliungana na habari za mumiani. Mwanahistoria Luise White aliukusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, akauchukulia kama ushahidi wa jinsi watu walivyoizungumzia kazi na serikali ya kikoloni. Mimi ningeongeza sababu moja ya karibu zaidi: mafunzo yaliyofanyika mbele ya macho ya watu bila yeyote kuwaambia ni ya nini. Dar es Salaam hatimaye ilikizoea kituo chake kiasi kwamba kiliupa mtaa jina, na abiria wa Barabara ya Morogoro hushuka Faya bila kufikiria damu ya mtu.

Kwata ilikuwa ya Kiingereza, na kwa maafisa chuo kilikuwa ng'ambo. Mwaka 1968 Uingereza ilianza kufundishia Moreton-in-Marsh, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita, chuo kilichopokea maafisa kutoka nchi nyingi za Jumuiya ya Madola. Hapo ipo meli ya zege, imejengwa nchi kavu, inayowashwa moto ndani mara kwa mara kwa ajili ya masomo.

Meli ya kwetu ilikuwa ya chuma. MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilibaki ikielea kwa muda, tumbo juu, na watu wakisikika wakigonga kutoka ndani. Tumbo likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikazama. Wanaosimulia kisa hiki husisitiza nia njema ya waliotoboa, na nia hiyo siitilii shaka. Tatizo lilikuwa la elimu, na ni lilelile la mtungi wa Smithfield: hewa iliyofungiwa ina hesabu yake.

Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 iliviondoa vikosi vya Tanzania Bara katika halmashauri na kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zanzibar ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokozi. Jeshi la Bara lina chuo Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na anayeingia huanza na cheo cha konstebo. Jibu letu kwa swali la nani, basi, ni askari, kama Paris. Lakini matangazo ya ajira ya miaka ya karibuni yametafuta pia madereva na mafundi, na msomaji wa Braidwood angetabasamu.

Mtaala una sehemu ambayo haipigwi picha siku ya kuhitimu: ukaguzi. Afisa hufundishwa kusoma ramani ya jengo kabla halijajengwa na kuuliza mlango wa pili uko wapi. Juni 1994, katika Sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo, wasichana wapatao 40 walikufa bwenini usiku, madirisha yakiwa na nondo. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, katika bweni lenye nondo pia na mlango uliofungwa. Hakuna ngazi ya ndoano wala mtungi wa bar 200 ambao ungewafikia kwa wakati. Aliyehitajika ni mtu mwenye kalamu na mamlaka ya kuigomea ramani ile, miaka kadhaa kabla ya usiku huo, na kumtia mtu wa namna hiyo darasani kunahitaji muda mrefu kuliko kumfundisha kuruta kukimbia na mpira.