Bomba la kushushia nguo chafu: Usalama wa watoto utangulie starehe

Katika nyumba ya orofa, kazi ya kufua huanza kwenye ngazi. Nguo za watoto, mashuka na taulo hukusanywa katika vyumba vya juu, kisha hubebwa kwa beseni au kapu hadi chini. Abebaye mzigo huo mara nyingi haoni anapokanyaga, na ni rahisi kuteleza na kuumia.

Ndiyo sababu baadhi ya wanaojenga makao huomba kutengenezewa bomba la kushushia nguo chafu, kama yale yaliyozoeleka katika hoteli na hospitali. Nguo hutumbukizwa kupitia kilango cha orofa ya juu na kuangukia kapuni katika chumba cha kufulia.

Hata hivyo, mwenye nyumba hana budi kutambua kwamba bomba hilo ni shimo lililo wazi baina ya orofa mbili. Likijengwa ovyo, mtoto anaweza kutumbukia, moto ukapata njia ya kupanda, na nyumba yenyewe ikadhoofika.

Jambo la kwanza ni mahali litakapopita. Nyumba nyingi nchini hutenganisha orofa kwa sakafu ya zege iliyotiwa vyuma. Vyuma hivyo ndivyo vinavyozuia sakafu kupinda na kupasuka, na fundi anayevikata bila kujua kazi yake huidhoofisha sakafu nzima. Mhimili haupaswi kuguswa kabisa.

Wakati bora wa kuweka nafasi ya bomba ni kabla ya zege kumiminwa. Tundu huonyeshwa katika ramani, likaachwa mbao zinapopangwa, na vyuma vya ziada vikazungushiwa kingo zake. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, mhandisi wa majengo ndiye anayefaa kuamua iwapo sakafu itatobolewa na ni wapi. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi huhitaji ujenzi uidhinishwe na serikali ya kaunti, hivyo ni busara kuuliza huko kabla ya nyundo kuinuliwa. Vilevile, nyaya za umeme na mabomba ya maji yaliyofichwa ukutani yatambuliwe mapema.

Bomba lenyewe linafaa kunyooka wima kutoka juu hadi chini, kwa maana kila kona ni mahali pa nguo kukwama. Upana wa kati ya sentimita 30 na 40 hutosha kwa mahitaji ya familia. Mabati laini yasiyoshika kutu hufaa kuliko mbao, kwani hayana vibanzi vya kunasa nguo wala hayashiki moto.

Vipande vya bati viunganishwe kwa namna ambayo cha juu huingia ndani ya cha chini. Vikiunganishwa kinyume, ukingo wa chini utakinga kila nguo inayopita. Ncha za skurubu au misumari zisitokeze ndani, na bomba likazwe imara ukutani katika kila orofa.

Suala zito zaidi ni watoto. Mtoto mdogo huona kilango hicho kama mchezo, na bomba linalopitisha shuka laweza kumpitisha yeye pia. Kwa hiyo kilango kiwe kidogo kuliko bomba, kiwekwe juu ya kiuno cha mtu mzima, na kiwe na kufuli au komeo lililo mbali na mikono ya mtoto. Springi ikifunge chenyewe kila kinapoachiliwa.

Kufuli pekee haitoshi iwapo chini ya kilango pana kiti, kitanda au sanduku la kupandia. Sehemu hiyo iachwe tupu daima. Watoto wakubwa nao waelezwe waziwazi kwamba bomba si la kutupia vitu vya kuchezea, wala paka, wala ndugu yao mdogo.

Hatari ya pili ni moto. Hewa yenye joto hupanda, na bomba lililo wazi hufanya kazi kama dohani. Moto ukizuka katika chumba cha kufulia, moshi waweza kuwafikia waliolala juu kabla hawajaamka. Bomba lizungushiwe ukuta wa matofali au mawe, na mwanya unaobaki kati yake na sakafu uzibwe kwa saruji. Vilango vyote viwe vya chuma na vifunge barabara. Jiko na mtungi wa gesi visikae karibu na mwisho wa bomba, na kifaa cha kunasa moshi kiwekwe katika chumba cha kufulia na karibu na vyumba vya kulala.

Familia nayo ina wajibu wake. Mifuko ikaguliwe ili viberiti na sarafu visishuke na nguo. Matambara yaliyolowa petroli, rangi au mafuta yasitiwe bombani kamwe. Nguo zilizolowa maji huleta ukungu na harufu mbaya, hivyo zibebwe kwa mkono. Kapu la chini liondolewe kabla halijafurika, la sivyo nguo zitarundikana hadi ndani ya bomba. Zikikwama, zivutwe kwa kijiti kirefu chenye ndoana. Mtu asiingize kichwa wala asimtume mtoto.

Mwishowe, mwenye nyumba ambaye hawezi kumudu gharama ya mhandisi na vilango imara hatapungukiwa na kitu akiendelea kutumia kapu. Vikapu viwili vidogo hubebeka kwa urahisi kuliko kimoja kikubwa, na huuacha mkono mmoja huru kushika ukingo wa ngazi. Tahadhari kabla ya hatari.