Kabla ya Tofali la Kwanza: Ardhi ya Chamwino na Haki ya Jirani Kuuliza



Ombi la mwaka huu linahitaji maelezo marefu kuliko kawaida. Wengi wenu mnalijua lile banda la biashara lililofungwa miaka mingi, bati zimeliwa na kutu na uwanja umekuwa malisho ya mbuzi. Mwenye kiwanja yuko tayari kukiachia chama chetu. Pendekezo lililo mezani ni kuomba kibadilishwe matumizi, kutoka biashara kwenda makazi, tujenge nyumba za kupangisha walimu na wauguzi. Majirani wana mashaka. Sisi tunaoishi mjini tusiwe wepesi kuwaita wapinga maendeleo, kwa sababu historia ya ardhi ya kwetu inaonyesha walikoyatoa mashaka hayo.

Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma. Watu waliokuwa wakiishi kwenye tembe zilizotawanyika, zizi likiwa ubavuni mwa nyumba na shamba karibu, walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Wazee wetu husimulia jambo hilo kwa fahari, nayo ni fahari halali: watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwafikishia shule, zahanati na maji. Hata hivyo wapo waliojikuta mbali na mashamba yao na mbolea ya zizi. Sisi watu wa hesabu tunajua kwamba gharama isiyoandikwa haifutiki. Kuna mtu anailipa kimyakimya.

Mabanda ya biashara kama hili letu ni mabaki ya nyakati hizo. Kijiji kilipangiwa mahali pa duka kama kilivyopangiwa shule. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vijiji vikatwikwa mzigo wa biashara ambao vingi havikuwa na mtaji wa kuubeba. Baada ya Vita vya Kagera bidhaa ziliadimika: sukari, sabuni na khanga zikawa za kupanga foleni. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wateja waliwafuata wafanyabiashara binafsi kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Mchoro uliendelea kusema "biashara", lakini biashara yenyewe ilishahama. Ndiyo maana tunaamini kulisubiri banda hili lifufuke ni kusubiri mvua ya masika mwezi wa nane.

Majirani zetu wa Dodoma mjini wana somo lao. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mamlaka hiyo ilipanga mji na kugawa viwanja, na mwananchi alipewa hati ya miaka 33, wakati sehemu nyingine za nchi hati ya miaka 99 ilikuwa jambo la kawaida. Malalamiko ya ardhi yalirundikana hadi Rais Magufuli alipoivunja CDA Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa. Mji ulikuwa na michoro na wataalamu. Kilichokosekana, kwa mujibu wa walalamikaji wengi, ni kusikilizwa.

Leo sheria inampa jirani nafasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Kwa maeneo ya mji, Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inaipa halmashauri madaraka ya upangaji. Matumizi ya kiwanja hayabadilishwi kwa mwenye kiwanja kuamka asubuhi na kumwaga kokoto. Unapeleka maombi, wanaoguswa wanajulishwa, pingamizi zinasikilizwa, ndipo uamuzi unatolewa.

Na haraka ipo, hatuikatai. Wilaya yetu ilianzishwa mwaka 2007. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, kwenye barabara hiyohiyo inayokuja kwetu, na Mei 2023 Rais Samia alizindua jengo jipya la Ikulu hapa Chamwino. Wanaotafuta vyumba wanaongezeka. Tusipojipanga sisi wenyewe, wengine watatupangia, na mwalimu wa watoto wetu ataendelea kupanga mbali na shule.

Sasa tuyaangalie mashaka yenyewe. Majirani wanauliza maji ya mvua yataelekea wapi uwanja ukijengwa. Wanauliza mashimo ya vyoo yatakuwa umbali gani na kuta zao. Wanauliza njia ya watoto kwenda shule itabaki au itazibwa. Mama wauza mboga wanauliza watakaa wapi, maana uwanja huo ndiyo kivuli chao. Hakuna swali hata moja hapo la kipuuzi. Yote yana majibu ya kitaalamu, na yote yanagharimu.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu si ya matofali. Tunaomba mchango wa mambo matatu: upimaji na uhakiki wa mipaka, mchoro unaoonyesha mifereji, vyoo, njia ya watoto na sehemu ya mbele itakayobaki kwa vibanda vya mboga, na mikutano ya majirani pamoja na ada za maombi halmashauri. Maombi yakikataliwa, fedha itakayobaki itarudi kwenye mfuko wa chama na hesabu yake mtaisoma katika kijarida cha mwakani, shilingi kwa shilingi.

Wazazi wetu walifyatua matofali kwanza, maswali yakafuata. Sisi tuliosomeshwa kwa jasho lao tugeuze mpangilio huo: kwanza tumsikilize jirani, kisha tuandike, ndipo tujenge. Karibuni tuchange.