Utafiti juu ya Mwili wa Mwanamke na Nchi ya Katavi

Mji wa Mpanda ulikuzwa na madini ya risasi, na reli iliyotoka Kaliua iliufikia mwaka 1950. Nchi iliyouzunguka ni ya Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, na tangu mwaka 2012 ni mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulipata sifa ya huzuni upesi. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16, kati ya wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 45 wa Katavi walikuwa wamekwisha zaa au wana mimba ya kwanza. Kwa Tanzania nzima walikuwa 27, wala hapakuwa na mkoa uliouzidi huo.

Hesabu ya namna hiyo ina faida kubwa, lakini humtazama mwanamke kwa upande wa uzazi tu. Mtaalamu Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya kazi miaka mingi miongoni mwa Wapimbwe, aliandika mwaka 2009 kwamba wanawake walioolewa zaidi ya mara moja walifaidika, kwa idadi ya watoto waliosalimika, kuliko wanaume waliooa mara nyingi. Kwa hiyo mwanamke aliyedhaniwa kuwa mtu wa kuchaguliwa tu alionekana kuwa mwenye kuchagua. Hata hivyo, kipimo kilikuwa bado ni watoto.

Habari za hisia za mwili wake zilichelewa hata katika vyuo vikuu vya dunia. Mwaka 1559 kitabu cha Realdo Colombo wa Italia kilidai kuvumbua kinembe, kana kwamba wanawake hawakuwa na habari nacho. Georg Kobelt wa Ujerumani alikichora kwa uangalifu mwaka 1844, lakini vitabu vya waganga vya baadaye vilikieleza kwa ufupi mno. Ni mwaka 1998 tu ndipo Helen O'Connell, daktari mpasuaji wa Australia, alipoonyesha kwamba sehemu yake kubwa imefichika ndani ya mwili. Aidha, kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kina nyuzi 8,000 za fahamu. Hesabu hiyo ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon, Marekani, walihesabu katika mwili wa binadamu, wakapata wastani wa zaidi ya 10,000. Hadi hapo mwanamke alikuwa amepimwa kwa kipimo cha mnyama.

Lakini elimu ya jambo hili haikuanzia maabara. Kusini ya Katavi, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, Audrey Richards alishuhudia chisungu ya Wabemba mwaka 1931, akachapisha kitabu chake mwaka 1956. Alieleza jinsi wanawake wazima walivyowafunda wanawali kwa nyimbo na sanamu za udongo mambo ya unyumba. Mafundisho hayo yalikuwa na ukali wake, nayo yalimtaka mke amtii mume. Lakini yalimpa mwanamwali maneno ya kuutaja mwili wake, tena mbele ya wakubwa, bila aibu.

Mwaka 1994 mkutano wa mataifa uliofanyika Cairo ulikubali kwamba afya ya uzazi ni pamoja na kuwa na maisha ya ndoa na mapenzi yenye kuridhisha na yenye usalama. Neno hilo la kuridhisha si anasa. Msichana wa Katavi aliyelelewa kunyamaza hatamwambia mkunga kwamba anaumia, wala hatamwambia mwanamume kwamba hataki. Maumivu atayachukua kuwa ndiyo desturi ya wanawake. Mwenye kutafiti nchi hiyo hana budi kuuliza idadi ya watoto, kisha aulize la pili: mama yao anaonaje mwilini mwake? Swali hilo la pili ndilo lililosahauliwa, na bila jibu lake ile 45 itabaki kuwa tarakimu tu.