Mali ya Abdulla, mali ya nani?

Wadau, juzi nilikuwa nimekaa na jamaa yangu mmoja hapa Dodoma, kijana mchoraji, tunapiga soga huku tukisubiri chipsi. Akanionyesha simu yake. Mtu wa Kanada kanunua mfuko wa kitambaa wenye mchoro wake wa mbuyu. Jamaa huo mfuko hajauona wala kuugusa. Hakuuchapa, hakuufunga, hakupanga foleni posta. Alichora, akaiweka picha mtandaoni, akalala. Asubuhi akakuta ana dola mbili na senti kadhaa. Akaniambia kwa majigambo, "Hii biashara ni mpya kabisa, mzee. Babu zetu hawakuwahi kuiona."

Nikamwambia babu zetu, na hasa bibi zetu, waliiona vizuri tu. Tukabishana mpaka chipsi zikapoa. Haya yafuatayo ndiyo niliyotaka kumwambia, ila hakunipa nafasi.

Kwa wale wasioifahamu biashara yenyewe, inakwenda hivi. Kuna makampuni yenye mashine za kuchapa picha juu ya fulana, vikombe, mito, makava ya simu na kadhalika. CafePress ilianza Marekani mwaka 1999, Spreadshirt ikaanza Ujerumani 2002, Zazzle ikafungua milango 2005, na Redbubble ikazaliwa Melbourne, Australia, 2006. Mchoraji anapeleka picha, mnunuzi anachagua aitaka juu ya nini na kwa rangi gani, na kitu kinachapwa baada ya kulipiwa tu. Kampuni inachukua bei yake ya msingi, mchoraji anaongeza chake juu. Kama bei ya msingi ya fulana ni dola 20 na wewe umeweka asilimia 20, unapata dola 4. Ndiyo hivyo tu.

Sasa turudi nyuma. Karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo jina lake tuliazima kwa Wareno, wanashona sita pamoja wanapata vazi moja. Wafanyabiashara wakaona, mbona wanajisumbua hivi? Wakaanza kuagiza nguo nzima ikiwa imeshachapwa, yenye pindo, mji na baadaye jina. Ndiyo kanga. Inasemekana iliitwa hivyo kwa sababu ya madoadoa ya mwanzo yaliyofanana na yale ya ndege kanga.

Zilichapwa wapi? Siyo Zanzibar. Michoro ilipelekwa kwa meli India, Uingereza, Uholanzi, na baadaye hata Japani, na marobota yakarudi kwa meli. Yaani mchoro unatoka huku, mashine iko ng'ambo, pesa inapita kwa mtu wa katikati. Si ndiyo hii hii ya jamaa yangu na mbuyu wake? Tofauti ni kwamba yeye anasubiri usiku mmoja na wao walisubiri miezi.

Na kuna jambo kwenye kanga ambalo kila mmoja wetu ameliona tangu utotoni bila kulitilia maanani. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuweka maandishi kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga zake zilitambulika kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Mali ya Abdulla! Siyo kazi ya mikono ya fulani. Nenda kachukue kanga yoyote ya mama yako, igeuze huku na huku. Utakuta methali, pengine utakuta jina la kiwanda au la muuzaji. Jina la aliyechora zile korosho au yule tausi hulioni. Nimejaribu kwenye kabati la bibi yangu, kanga ishirini na kitu, sikupata hata moja.

Sitaki kumtupia Abdulla mawe. Yeye ndiye aliyebeba hasara. Alilipia marobota kabla hajauza hata doti moja, na wanawake wa pwani walikuwa hawana huruma: mchoro usipowapendeza, robota linabaki dukani mpaka panya walione. Anayebeba hasara ndiye anayeandika jina lake. Ni sheria ya biashara ya zamani, ngumu lakini inaeleweka.

Kwenye hii ya mtandaoni nani anabeba hasara? Kampuni haina robota la kuozea dukani, maana haichapi kitu ambacho hakijalipiwa. Hasara imehamia kwa mchoraji. Jamaa yangu kachora picha zaidi ya mia, zilizouzwa hazifiki kumi. Zile tisini ni usiku wake, umeme wake na vocha zake za intaneti. Abdulla alibeba hasara akapata na jina. Huyu wetu kabeba hasara, na mfuko umefika Kanada ndani ya bahasha yenye nembo ya kampuni. Hapo ndipo mimi na yeye tulipoanza kupandishiana sauti.

"Lakini Tingatinga je?" akaniuliza. Swali zuri, maana Edward Saidi Tingatinga ndiye mchoraji wa nchi hii ambaye jina lake halikupotea. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alichukua vibao vya mraba na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege, tembo. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, wazungu wanakuja kununua mahitaji yao wanaondoka na chui chini ya kwapa. Bei anaitaja mwenyewe, pesa anashika mkononi. Katika historia yote ninayoisimulia hapa, sioni pengine ambapo mchoraji alishika kalamu na bei kwa pamoja.

Haikudumu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Wanafunzi na ndugu zake wakaendelea, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Lakini angalia kilichotokea kwa jina. "Tingatinga" likaacha kuwa jina la mtu likawa jina la mtindo. Leo liko kwenye vikombe, sinia, fulana, na mwaka 2010 lilionekana kwenye katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kurushwa na BBC. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa picha alizochora Tingatinga kwa mkono wake ulikwisha mwishoni mwa 2022. Na mtindo wenyewe haukulindwa siku hata moja, kwa sababu hakimiliki inalinda picha, siyo namna ya kuchora. Yaani jina limebaki kubwa kuliko nyumba, na ndani hamna mwenye nyumba.

Jamaa akanyamaza kidogo. Halafu akanionyesha mchoro wake mwingine, huo ndio ulionifanya nikose usingizi. Ni swala na watu warefu wembamba, rangi nyekundu ya udongo. Nikaujua mara moja. Umetoka Kolo, kwenye miamba ya Kondoa, safari ya saa chache tu kutoka hapa mjini. Michoro ile iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey alifika 1951, akainakili mapango kwa mapango, na kitabu chake kikatoka 1983 na jina lake juu ya jalada. Namshukuru, maana jua, mvua na mikono ya watu vinaendelea kuifuta ile ya asili. Ila nanyi mnaona mchezo ni ule ule: waliochora hawana jina, aliyenakili analo.

Nikamuuliza jamaa, sasa wewe kwenye huu mchoro ni Tingatinga au ni Abdulla? Alikasirika kweli. Akasema yeye ni mtoto wa Kondoa, bibi yake alimpeleka kwenye ile miamba kabla ya mtafiti yeyote kumweleza ina umri gani. Hoja hiyo sikuweza kuijibu, na sijaijibu mpaka sasa.

Pesa nayo ina hadithi yake, nitaipitia haraka. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009, M-Pesa ilishaingia nchini 2008, kwa hiyo njia ya picha kutoka na njia ya pesa ya ndani zote tunazo. Tatizo ni pesa ya nje kuingia. PayPal kwa miaka mingi ilimruhusu Mtanzania kulipa lakini siyo kupokea. Jamaa yangu mapato yake yanapitia kwa ndugu yake aliyeko Nairobi, ambaye naye anakata "ya chai". Halafu makampuni nayo hubadilisha masharti: mwaka 2023 Redbubble iliwapanga wachoraji madaraja na kuanza kuwakata ada wale wa daraja la chini.

Tulipomaliza kubishana tulikwenda kwenye duka moja la kuchapa fulana, haya yanayotengeneza sare za semina na za harusi. Tangu serikali ihamie Dodoma yamekuwa mengi. Jamaa alikuwa na mbuyu wake kwenye flashi. Fundi akauchapa kwenye fulana nyeupe mbele yetu, dakika chache tu. Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma naye UDOM, na kabla hatujaondoka watu watatu walishaitaka. Kwa hesabu aliyonionyesha, akitoa fulana na uchapaji, moja inamwachia zaidi ya mifuko miwili ya Kanada, na pesa inaingia kwenye simu yake bila kupitia Nairobi.

Fundi akamuuliza kama aweke nembo ya duka pale chini ya mti. Jamaa akasema subiri kwanza. Akaazima kompyuta, akaandika jina lake lote matatu kwa herufi ndogo ndani ya mizizi ya mbuyu, pale ambapo ukitaka kulikata lazima ukate na mti.