Kichocheo cha shaba, zinki na alumini

Kichocheo cha shaba, zinki na alumini ni mchanganyiko wa shaba na oksidi za zinki na alumini unaoharakisha utengenezaji wa methanoli kutokana na haidrojeni, monoksidi ya kaboni na dioksidi ya kaboni. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kukitumia kiwandani mwaka 1966. Hufanya kazi kwenye nyuzijoto 200 hadi 300 za Selsiasi.

Uandaaji. Vichocheo viwili vyenye kiasi kilekile cha metali vinaweza kutofautiana sana kwa utendaji, kutegemea namna vilivyoandaliwa. Nitrati za metali hizo huyeyushwa majini, kisha huchanganywa na myeyusho wa kabonati ya sodiamu kwenye nyuzijoto 60 hadi 70, pH ikidhibitiwa karibu na 7. Mashapo ya buluu hukorogwa na kuachwa yakomae hadi yageuke fuwele za kijani za malakiti, ambamo zinki imechukua nafasi ya sehemu ya shaba. Kadiri zinki inavyoenea vizuri humo, ndivyo chembe za shaba zitakavyotengana baadaye.

Athari. Mashapo yasipooshwa vizuri, sodiamu inayobaki huchangia chembe kuungana na utendaji kushuka. Mashapo huokwa kwenye nyuzijoto zipatazo 300. Moto ukizidi, eneo la uso hupungua. Mwishowe haidrojeni huondoa oksijeni kwenye oksidi ya shaba, zikabaki chembe za shaba zenye upana wa takriban nanomita 10.

Kwa hiyo, maelezo ya kichocheo hiki yasiyotaja pH, joto na muda wa kukomaza hayajakamilika.