Mlima huu haukungoja 4x4

Mvua ikianza tu, vijana wa Meru na Embu tunarudia vita ile ile. Mmoja anasema pikapu isiyo 4x4 ni toroli yenye redio. Mwingine anajibu kwamba gari yake inavuta mbele na haijawahi kulala njiani. Mimi nasema hivi: shamba la huku lilibebwa na magurudumu mawili ya nyuma. 4x4 ilifika mapema, lakini haikuja kutubebea mzigo. Na hizi za kuvuta mbele tumeletewa na lami.

Tuanze na 4x4, maana ndiyo inayoringa. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Watu wa Embu na Meru wakasukumwa kwenye vijiji vya lazima, wakachimbishwa mtaro pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wasipate chakula. Wakati huo nani alikuwa na gari inayovuta kwa magurudumu yote manne? Askari na bwana D.O. Sasa fikiria nyanya yako akisikia ule mngurumo ukipanda mlima. Hakuwaza magunia ya kahawa, aliwaza nani anakuja kuchukuliwa. Hata baada ya uhuru, kwa miaka mingi 4x4 ilibaki gari ya ofisi, ya misheni na ya watu wa msitu. Mkulima alikuwa anaipisha tu.

Mkulima alipanda Peugeot. Kwanza 404, halafu 504, ambayo pikapu yake ilitoka 1979 ikibeba zaidi ya tani moja. 504 ziliunganishwa hapa hapa Kenya hadi miaka ya 2000, kwa hivyo spea zilikuwa kila soko na fundi aliijua kama mfuko wake wa shati. Ilikuwa inasukuma nyuma tu. Basi iliwezaje kupanda huku juu, kwenye udongo mwekundu ambao ukinyeshewa unakuwa kama sabuni?

Jibu ni uzito. Gari ikipanda mlima, uzito unaegemea nyuma. Ukiweka na magunia ya viazi juu ya ekseli ya nyuma, tairi zinazosukuma ndizo zinazokanyagwa chini. Pikapu ya namna hiyo ikiwa na mzigo inauma barabara. Ikiwa tupu inacheza kama mbuzi aliyefunguliwa, ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa wanarusha mawe nyuma, au wanaomba wanaume wawili wasimame juu ya bampa. Hiyo ya bampa bado tunaiona.

Na kama unafikiri hizi ni hadithi za wazee, angalia Safari Rally, iliyokuwa ikizunguka mlima huu na kupita Embu na Meru. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali mpaka gari 7 pekee zikamaliza. Mwaka 1968 tena, 7 pekee. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404. Tairi mbili za nyuma, basi. Ushindi wa kwanza wa gari ya kuvuta kote ulingoja hadi 1987, Hannu Mikkola alipokuja na Audi. Na hapa watu wa Probox watanipenda: gari ya kuvuta mbele ilikuwa imeshinda tangu 1956, ni DKW ya Eric Cecil. Lakini msinikimbie na hiyo. Gari ya mashindano haibebi viazi.

Kilichobadilisha mambo huku ni barabara. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za vijijini zilizochimbwa kwa jembe na sururu, wenyeji wakilipwa, na 1986 ukafuata mwingine wa barabara ndogo. Barabara hizo hazikuwa na lami, ila zilikuwa na mitaro. Kwangu mtaro ni muhimu kuliko difu ya mbele. Maji yakipita pembeni, hata gari mbovu inapita katikati.

Halafu lami. Miraa ya Maua ndiyo ilionyesha kwanza lami inaweza nini. Mirungi inataka kufika ikiwa mbichi, siku mbili zikipita bei imekufa. Kwa hivyo kutoka Maua hadi Nairobi, karibu kilomita 300, Hilux hazikuwa zinashindana na matope, zilikuwa zinashindana na saa. Toyota ilikuwa na Hilux ya 4x4 tangu 1979, lakini kwenye lami difu ya pili ni chuma unachokibeba bure na kukinunulia mafuta. (Mwendo wa hizo gari umezika vijana wengi, siusifu.)

Baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakamwagika. Probox ilitoka huko 2002, na leo ndiyo pikapu yetu hata kama imefunikwa bodi. Kule kwao imepimiwa kilo 400. Huku sisemi inapakiwa ngapi, tunaheshimiana. Inabeba muguka wa Mbeere, inabeba maziwa, inabeba watu wanane wanaojifanya watano. Bei yake inafikika, mafuta inakunywa kidogo. Ndiyo ilimtoa Peugeot mjini.

Lakini inavuta mbele, na hesabu ile ya uzito sasa inakugeukia. Unapakia nyuma, unapanda mlima, pua inakuwa nyepesi, tairi za mbele zinazunguka bure. Ipo Probox ya kuvuta kote, lakini tusidanganyane: tairi za nyuma zinaamka pale za mbele zinapoteleza, na haina gia ile ya chini ya Hilux 4x4. Inakutoa kwenye utelezi. Kwenye tope la magoti mtalala wote.

Hapa ndipo hii mada inaacha kuwa stori ya kijiweni. Lami inaishia mahali, na juu yake zinabaki kilomita mbili tatu hadi ukingo wa msitu, ambako majani chai yanachumwa. Enzi za 504, aliye juu na aliye chini walitumia gari moja. Sasa wenye gari wote wamenunua ya lami, na aliye juu ndiye analipa tofauti: boda boda mara tatu ya bei, majani yanayochakaa kwenye kituo yakingoja lori, na mama mwenye uchungu anayeshushwa kwa machela hadi mahali Probox imesimama. Ukimwambia huyo anunue 4x4 unamtukana. Anachodai kwa kaunti na KeRRA ni kalvati na mtaro.

Kwa sasa madereva wamepata dawa yao. Mwezi Aprili ukienda juu ya Runyenjes au kule Githongo, utaona Probox ikipanda mlima kinyumenyume, taa zikitazama bonde. Akirudi nyuma, tairi zinazovuta ndizo zinabaki upande wa chini, uzito unazikalia, gari inapanda. Ford Model T za 1908 zilipandishwa milima hivyo hivyo, kwa sababu petroli yake iliteremka yenyewe hadi kwenye injini na mlima mkali uliikatiza. Dereva mmoja wa chai nilimuuliza kama shingo haimuumi. Akasema inamuuma hadi Juni.